Mpaka Wapi?

Katika maabara ya udhibiti niliyosomea huko Uswidi kulikuwa na meza ambayo mwanafunzi mgeni hakuipita bila kusimama. Juu yake palikuwa na reli fupi. Juu ya reli, kigari kinachovutwa na mota. Na juu ya kigari, ufito wa chuma ulioshikwa kwa pini upande wa chini, huru kuangukia kushoto au kulia. Ukiwasha swichi, kigari kinaanza kuhangaika huku na huku kwa hatua ndogo ndogo, na ufito unasimama wima. Ukiugusa kwa kidole unainama, kigari kinaukimbilia, unasimama tena.

Mwalimu wetu alituacha tushangae kwanza. Kisha akausukuma ufito kidogo. Ukarudi. Akaongeza nguvu. Ukarudi kwa taabu, kigari kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika mwisho wa reli. Akaongeza tena, na safari hii ufito ukalala, kigari kikatimka hadi ukingoni, kikagonga kizuizi, umeme ukajikata. Akatugeukia akauliza: "Unasimama mpaka wapi?"

Sote tulikuwa na hesabu zinazothibitisha kwamba ufito utasimama. Hesabu ya mpaka hakuna aliyekuwa nayo. Swali hilo ndilo lililonifanya niache mpango wa kusomea mawasiliano ya simu nikabaki kwenye udhibiti, na baada ya miaka mingi ya kazi bado ndilo la kwanza ninalomuuliza yeyote anayeniletea kidhibiti alichokibuni, yaani sheria ya kuuamrisha mtambo.

Mpaka huo unatoka wapi? Mhandisi anapoanza kazi hupenda kudhani kwamba mambo yanakwenda kwa mstari: ukiongeza kisababishi mara mbili, na matokeo yanaongezeka mara mbili. Dhana hiyo imejenga sehemu kubwa ya mitambo tunayoitegemea, nami naiheshimu. Kwa ufito ulioinama nyuzi 10, kudhani kwamba nguvu inayouangusha inaongezeka sawasawa na pembe ni kukosea kwa nusu asilimia tu. Kwenye nyuzi 60 kosa linapita asilimia 20. Hilo bado lingevumilika. Lisilovumilika liko upande wa kigari. Ufito ukiwa wima, kigari kikisogea kinauzungusha kwa uwezo wake wote. Ukilala sambamba na reli, kigari kinauvuta kwa urefu wake tu, hakiuzungushi hata kidogo. Ukipita hapo ukaelekea kuning'inia, amri ileile iliyokuwa ikiuinua sasa inauzungusha kinyume. Kidhibiti cha mstari hakina habari hiyo; kinaendelea kutoa amri zake kwa ujasiri uleule.

Halafu kuna mota. Tuseme ina nguvu ya kukipa kigari mchapuko usiozidi nusu ya ule wa kitu kinachoanguka. Hesabu ya kidato cha sita inatosha kuonyesha kwamba ufito uliotulia ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 26 na nusu haurudi juu kwa njia ya mkato, hata kidhibiti kiwe na werevu wa namna gani. Mpaka huo umeandikwa kwenye chuma na shaba ya mota, na kubadilisha fomula hakuufuti.

Waswidi walikuwa na sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tarehe 8 Agosti 1993, mbele ya umati uliojaa kwenye Tamasha la Maji jijini Stockholm, ndege ya kivita aina ya Gripen iliyumba angani ikaanguka kwenye kisiwa cha Långholmen. Rubani alijirusha na kiti chake akapona, na kwenye ule umati hakuna aliyekufa. Gripen imeundwa makusudi isiwe tulivu yenyewe, ili iwe nyepesi kugeuka. Kompyuta ndiyo inayoishikilia muda wote. Siku hiyo amri za rubani na za kompyuta kwa pamoja zilidai mabawa madogo ya uongozi yasogee haraka kuliko mashine zinazoyasukuma zinavyoweza. Mabawa yakabaki nyuma ya amri, rubani akawa anasahihisha kilichokwisha kupita, na kila sahihisho likakuza myumbo. Ndege ya kwanza ya majaribio ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka wakati wa kutua Februari 1989, ikiwa na rubani huyohuyo. Mwaka huohuo wa 1989 Gunter Stein, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Honeywell na mwalimu wa chuo cha MIT, alitoa mhadhara ambao wanafunzi wa fani yetu husimuliana mpaka leo. Kiini chake ni kwamba kitu kisicho thabiti kwa asili, kikishikiliwa na vyombo vyenye kikomo, uthabiti wake ni wa eneo fulani tu. Hakuna kidhibiti kitakachoufanya uwe wa kila mahali. Mwalimu wetu alitusomea mhadhara huo kwa sauti ya chini, bila kuongeza neno, na darasa zima lilielewa kwa nini kile kigari kiliachwa kigonge kizuizi mbele yetu.

Chombo cha kuutafutia mpaka tulikipata kwa mtu aliyeishi kabla ya fani yetu kuwa na jina. Aleksandr Lyapunov alikuwa akifundisha Kharkov, ambayo leo iko Ukraine, alipotoa tasnifu yake juu ya uthabiti wa mwendo mwaka 1892. Kilichomsumbua kilikuwa maumbo ya vimiminika vinavyozunguka, swali la watu wa elimu ya nyota. Tasnifu ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1907, na wahandisi wa Magharibi hawakuikumbatia hasa mpaka karibu na 1960. Alichosema ni kwamba huna haja ya kujua mwendo wote wa mfumo ili ujue kama utatulia. Ni kama deni la dukani. Mwenye duka hahitaji kufuatilia mdaiwa amelipa shilingi ngapi siku gani, wala amezipata wapi. Akiona kwamba jumla inapungua kila siku, na kwamba malipo hayapungui hadi kuwa bure huku deni bado kubwa, anajua litaisha. Lyapunov alitafuta jumla ya namna hiyo ndani ya mwendo wenyewe: kiasi ambacho ni sifuri pale tu unapotaka mfumo utulie, na ambacho kwingineko kote ni kikubwa kuliko sifuri na kinashuka.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoona kwamba swali la mwalimu lina jibu. Ukishaipata hiyo jumla, chora mstari unaozunguka hali zote ambazo jumla yake haizidi kiwango fulani. Maadamu ndani ya mstari huo jumla inashuka kila mahali, mfumo ulioanzia ndani hautoki, na mwisho wake ni kutulia. Panua mstari mpaka ufike pale ambapo jumla inakataa kushuka. Hapo ndipo unaposimama na kusema: mpaka hapa naahidi. Mara nyingi mpaka unaoupata kwa njia hii ni mdogo kuliko ule wa kweli, na wapo wenzangu wanaouona ni woga. Mimi naupenda kwa sababu hiyohiyo. Heshima yangu kwa kazi ya kubuni vidhibiti imejengwa juu ya ahadi ndogo zinazotimizwa.

Kitabu kilichonifundisha kuyahesabu maeneo hayo kwa mikono yangu mwenyewe kiliandikwa na Hassan Khalil, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cairo kabla ya kwenda Marekani. Nilifarijika kuona kwamba mwandishi wa kitabu kinachosomwa kote duniani alianzia kwenye bara letu. Lakini kilichonikalia moyoni ni jinsi kinavyogeuza mambo: badala ya kubuni kidhibiti kisha kuhangaika kuthibitisha kwamba kinafaa, unaichagua jumla kwanza, halafu unaiuliza ni amri gani itakayoifanya ishuke. Mwaka 1989 Eduardo Sontag alitoa fomula moja inayokupa kidhibiti papo hapo, mradi jumla hiyo unayo mkononi. Kuipata ndiko kazi iliko, na hakuna mapishi yanayofaa kwa kila mfumo. Inabidi uujue mfumo wako: nishati yake imekaa wapi, inavuja wapi, inaingilia wapi.

Ule ufito ulinifundisha jambo hili vizuri kuliko ubao. Tulipewa kazi ya kuuinua kutoka chini, ukiwa unaning'inia, hadi juu. Nguvu ya mota haikutosha kuupandisha kwa mkupuo mmoja. Karl Johan Åström na Katsuhisa Furuta walikuwa wamechapisha njia ya kufanya hivyo kwa kutazama nishati peke yake. Usihangaike kuulazimisha ufito ufuate pembe fulani; uliza tu kama una nishati pungufu ya ile ya kusimama wima, na kama ni pungufu, sogeza kigari upande ule utakaoiongeza. Kinachotokea kinapendeza macho. Ufito unabembea kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, hadi unafika juu taratibu kabisa, ukiwa karibu umeishiwa mwendo, na hapo kidhibiti cha pili, kile cha mstari, kinaudaka.

Ila kuna kitu kinachotakiwa kuonekana kwa macho ndipo kieleweke. Ufito ukining'inia bila kutikisika, sheria ya nishati haifanyi kitu. Amri yake inategemea kasi ya ufito, na kasi ni sifuri. Umewasha kila kitu, taa zinawaka, na ufito umetulia palepale. Unaugusa kwa ncha ya kidole, mguso mdogo sana, na mambo yote yanaanza. Lyapunov angekuonyesha hilo kwenye karatasi: ni moja ya zile hali ambazo jumla haipandi wala haishuki. Mhandisi anayezijua huweka mtikisiko mdogo wa makusudi kwenye programu yake. Asiyezijua hulaumu nyaya.

Wanafunzi ninaowafundisha sasa Dar es Salaam hawapendi kule kubadilisha kidhibiti njiani. Wanataka fomula moja laini, isiyo na mruko wa ghafla, ifanye kazi kutoka kila mahali. Nawaelewa, kwa sababu hisabati hutuzoesha kupenda kitu kimoja kizima. Lakini ufito unazunguka duara, na penye duara lazima pawe na mahali ambapo sheria laini inasita kati ya kwenda kushoto na kwenda kulia. Fomula moja laini ya kuufikisha juu kutoka kila mahali haipo. Huwa nawatolea pia mfano wa gari. Dereva yeyote mzoefu wa Kariakoo anaweza kuliingiza gari kwenye nafasi finyu kando ya barabara, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Lakini Roger Brockett alionyesha mwaka 1983 kwamba hakuna sheria laini, inayotazama tu gari lilipo na lilivyoelekea, itakayolifikisha gari hapo na kulituliza. Lazima sheria ibadilike na muda, au ikatike na kuanza upya, kama dereva anavyokanyaga breki na kubadili gia. Pengine mfumo wenyewe ndio unaokataa ulaini, na kuujua mapema ukataaji huo kunaokoa muda mwingi wa kazi.

Niliporudi Tanzania kutoka masomoni nilitumwa kwenye kituo kimoja cha kufua umeme kwa maji. Malalamiko yalikuwa kwamba Gridi ya Taifa ikikatika, na kituo kikabaki peke yake kikilisha mji wa jirani, masafa yaliyotakiwa kukaa hezi 50 hupanda na kushuka kwa mawimbi yanayokua, hadi mtambo unajikata na mji unaingia gizani. Wataalamu waliotangulia walikuwa wameipima gavana, chombo kinachofungua na kufunga malango ya maji kufuata kasi ya mtambo, wakaikuta nzima.

Kwenye chumba cha udhibiti nilimkuta mzee mmoja wa zamu aliyekaribia kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeletwa kwa ajili ya mashine namba mbili?"

"Ndiyo, mzee. Wanasema inayumba."

"Haiyumbi kila siku. Masika ibebeshe mzigo wote, inatulia. Kiangazi, bwawa likishuka, ukiifungulia mpaka juu, hapo ndipo utaiona. Wenzako walikuja masika, wakapima, wakaondoka."

"Bwawa likishuka mpaka wapi, mzee wangu?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alifungua kabati la chuma, akatoa daftari gumu la jalada jeusi. Ndani alikuwa amechora safu kwa rula: tarehe, kimo cha maji, megawati, na mwisho alama moja. Duara la bluu palipotulia, msalaba mwekundu palipoyumba. Kila mara kituo kilipobaki peke yake kwenye zamu yake, aliandika. Pembeni mwa kurasa nyingine palikuwa na maneno mafupi ya kalamu ya risasi, mengine yamefutika: "nimepunguza mzigo, ikatulia."

Niliyaelewa maandishi yale kwa sababu ya tabia ya maji ndani ya bomba kuu. Maji yale ni uzito unaosafiri. Ukifungua malango ghafla upate nguvu zaidi, uzito huo haushiki kasi papo hapo. Presha mbele ya mtambo inaporomoka kwanza, na kwa kitambo kifupi unapata nguvu ndogo kuliko uliyokuwa nayo. Katika modeli ya kawaida ya vitabuni, kufungua ghafla kwa asilimia 1 huanza kwa kupunguza nguvu kwa asilimia 2, ndipo ipande hadi ile asilimia 1 iliyokusudiwa. Gavana yenye pupa inaona kasi inazidi kushuka, inafungua zaidi, na inauchochea myumbo iliotakiwa kuuzima. Ndani ya Gridi kubwa hutaliona hilo, maana mitambo mingine inashikilia masafa. Kituo kikibaki peke yake, hakuna wa kukisaidia.

Muda ambao maji yanahitaji kushika kasi unahesabika. Chukua urefu wa bomba, zidisha kwa kasi ya maji, gawa kwa kimo cha maji na kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Mfano wa kwenye karatasi: bomba la mita 400, maji yanakwenda mita 4 kwa sekunde, kimo mita 160. Jibu ni kama sekunde 1. Ukishusha mzigo hadi nusu, na muda unabaki karibu nusu. Sasa rudisha mzigo wote, lakini bwawa limeshuka na kimo ni mita 140. Ili megawati zibaki zilezile maji lazima yaende kasi zaidi, na muda ule unafika sekunde 1.3, ongezeko la asilimia 30. Gavana ni ileile, vigezo vyake ni vilevile, lakini mtambo inaouongoza kiangazi si ule wa masika. Aliyeirekebisha kwa kutazama nukta moja ya kazi aliacha nukta nyingine zote bila ulinzi, na ndiyo maana vipimo vya masika havikuonyesha kasoro.

Usiku huo kwenye nyumba ya wageni niliyahamisha yale ya daftari kwenye karatasi ya grafu: kimo cha maji kwa upana, megawati kwa urefu. Maduara yalikaa upande wa chini, misalaba juu, na kati yake kulikuwa na mpaka unaopanda kadiri bwawa linavyojaa. Wiki zilizofuata nilijenga modeli ya bomba na mtambo, nikatafuta jumla ya Lyapunov, nikapanua eneo hadi jumla ilipokataa kushuka. Mstari wangu ulipita chini kidogo tu ya misalaba ya mzee. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye msalaba mmoja uliokuwa karibu sana na mstari, akasema siku ile palikuwa na kiwanda kilichowasha mashine zake zote kwa pamoja. Alikuwa sahihi: kishindo kikubwa kinakusukuma nje ya eneo hata kama ulikuwa umekaa ndani yake.

Tulibadilisha gavana ili vigezo vyake vifuate mzigo na kimo cha maji, iwe na upole zaidi bwawa linaposhuka. Upole una bei yake: mzigo ukiongezeka, masafa yanashuka zaidi kabla ya kurudi, na ilitubidi tukae na watu wa zamu kuamua ni kiasi gani wanaweza kuvumilia. Mzee aliomba kitu kimoja, kwamba mpaka wenyewe uonekane kwenye skrini pamoja na nukta inayoonyesha mtambo uko wapi kwa wakati huo. Ni ombi ambalo nimelipeleka kila mahali nilipofanya kazi tangu wakati huo. Mtu anayekesha na mtambo anastahili kuuona ukingo kabla hajaufikia.

Kwa Tanzania jambo hili limekuwa kubwa zaidi sasa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Kituo kizima cha umeme cha Kidatu, na mitambo yake minne, ni megawati 204. Maana yake ni kwamba mtambo mmoja wa Rufiji ukijikata ukiwa na mzigo kamili, Gridi inapoteza kwa mkupuo zaidi ya Kidatu yote, na gavana za vituo vingine zinasukumwa mbali sana na nukta zilizorekebishiwa. Mahesabu ya mitikisiko midogo hayatoshi hapo. Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuchora eneo la uthabiti kwa tukio hilo, na nimewataka waanze na vimo vya maji vya mwezi Novemba, mabwawa ya mto Ruaha Mkuu yakiwa chini, kwa kuwa huo ndio wakati ambao gavana za Mtera na Kidatu, vituo vilivyo kwenye mto huo, zina nafasi ndogo kuliko mwaka mzima.